Neno Lina Mwenyewe

Saa tano usiku, Ibra. Kiyoyozi kinakohoa.
Nyuma ya ukuta masufuria ya arusi yamesuguliwa, yamefudikizwa,
na mimi nimekaa juu ya gunia la mchele,
kompyuta mapajani, naomba kitu kidogo tu:
nipe jina, nipe sahani, nipe oda,
kutoka daftari la jiko la shangazi Thuwaiba.

Kosa. Mstari wa kwanza, karibu na neno oda.

Nimekagua mikato. Nimefuata mabano moja moja
kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti.
Kosa. Karibu na neno oda.

Biju anaandika kutoka Maskati:
Dada, hilo neno si lako.
Mashine imeliweka akiba kabla hujazaliwa.
Kwenu oda ni mtu anataka chakula;
kwake yeye ni amri, panga mstari,
mdogo mbele, mkubwa nyuma.
Umemwambia apange, hukumwambia apange nini.
Sasa amesimama anakungoja.

Kweli, amesimama.
Kishale kinapepesa kama jicho la karani.

Badili jina, anasema Biju. Lipachike mkia, liite oda-moja, yaishe.
Lakini shangazi ameandika ODA
kwa wino mwekundu juu ya madaftari kumi na tisa,
kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani,
na si mimi wa kumsahihisha.

Ndipo nikamkumbuka bibi.

Mwaka aliofika hapa kutoka Unguja,
mabegi mawili na mbuzi ya kukunia nazi
(nazi zenyewe hazipo),
alipika kwenye arusi ya jirani, akatoka uani
jasho mpaka kidevuni, akatangaza
kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
isipokuwa neno moja lililokataa kuhama:
Wali nimeshampika, njooni mumle angali moto!

Bi Raya akaangusha birika la kahawa.
Maana huku wali ndiye mkubwa wa wilaya,
ana bendera, ana gari, ana askari mlangoni.
Neno lina mwenyewe.

Bibi hakulibadili. Angeliitaje?
Shambani mpunga, guniani mchele, sahanini wali;
tumeshakipa majina matatu
kabla hakijafika mdomoni,
atafute la nne, uzeeni, ugenini?
Alichofanya ni hiki: kila akilikaribia
alinyamaza kidogo. Akalisema.
Akanyamaza tena.
Kimya huku, kimya huku, na neno katikati
limefunikwa kama chakula chini ya kawa,
na kila aliyekaa kwenye mkeka akajua:
si yule, ni hiki.

Nikarudi kwenye mstari wa kwanza.
Nikaweka vinukuu kila upande wa oda,
punje mbili za mchele huku, punje mbili huku,
nikabonyeza.

Orodha ikashuka bila kugoma.
Arusi ya Ghaliya binti Nasibu, sahani mia nne.
Hitima ya marehemu Suwedi, sitini, bila pilipili.
Na ya tatu kutoka juu, hati ya shangazi mwenyewe,
herufi zote ndogo:
ofisi ya wali,
wali wa nazi, thelathini na tano.

Mashine haikuuliza yupi ni yupi.
Nilicheka peke yangu mpaka gunia likatoa vumbi.
Biju akaandika: Kuna nini tena? Imeharibika?
Nikaanza kumweleza. Nikafuta.
Nikaanza upya, na kabla ya neno lile
nikanyamaza kidogo.