Molasi kwa Tangi la Baba

Trekta lilizima katikati ya shamba la Ochuodho,
trela imejaa miwa, jua la saa nane.
Nikafungua chujio: uji wa wimbi,
mwekundu, mzito, kama tunaompikia mzazi.
Hapo nikajua. Si pampu, si nozeli.
Ni tumbo linalojila.

Miaka minne tangu tumzike Baba
tangi limekaa nusu, si tupu, si jaa,
na kule juu, dizeli isikofika,
unyevu wa Muhoroni umepanga bila kulipa kodi.
Boliti mbili zilikubali spana. Ya tatu ilikatika.
Nikalishusha, nikalitikisa,
likanijibu kama kayamba.

Ndugu yangu Ochola, aliyetoka Nakuru na viatu vyeupe,
alisema, nunua jipya.
Kwa muwa upi? nikamuuliza.
Kiwanda kina deni letu tangu mtoto wako hajaota meno.
Akatazama viatu vyake.

Basi nikaenda kiwandani kulekule
nikanunua molasi, lita tano, taslimu;
kiwanda hakikopeshi, kinakopa tu.

Kwanza kokoto, nati za zamani,
na mnyororo wa mbwa wetu aliyekufa.
Watoto wa Mama Nekesa wakaliviringisha uani
mchana kutwa, shilingi kumi kwa kila mzunguko,
hata kuku wakahamia kwa jirani.
Kisha molasi: kopo moja, maji makopo tisa,
mpaka shingoni. Nikafunika kwa gunia
nikaacha utamu ufanye kazi
ambayo msasa hauwezi.

Siku ya tano likaanza kutoa povu.
Siku ya sita harufu ikaruka ua.
Siku ya saba akaja naibu wa chifu, Chepkwony,
na askari wawili, na uso wa kazi.
“Umeanza lini kupika?”
Nikamwambia, onja.
Akachovya kidole, akalamba,
akatema mpaka kwenye buti yake.
Askari walicheka kwa mabega.
Alipofika langoni akarudi peke yake,
akauliza, sauti chini,
kama dawa hiyo inatibu na tangi la pikipiki.

Siku ya kumi na nne nikamwaga.
Ilitoka nyeusi, nzito, ina vigamba.
Nikasuuza kwa maji ya magadi, nikasuuza tena,
nikamulika ndani kwa simu:
kijivu kitupu, kijivu cha ndama
ambaye mamake hajamaliza kumlamba.

Nikakaa chini, nikafurahi kidogo.

Ndipo nikasikia: to.
Kimya. To.
Chini, upande wa kushoto, tone.
Kumbe kutu niliyoifukuza ndiyo iliyokuwa imeziba.
Nikakwangua rangi kwa ukucha. Chini ya rangi, sabuni.
Kipande cha sabuni ya mche, kimekauka kama mfupa,
na juu yake alama ya dole gumba
pana kuliko langu.

Mama alikuwa akituchapa kwa ajili ya sabuni.
Nani anaimaliza? Mnakula?
Na Baba kwenye kiti, kikombe mkononi,
anatazama mlango kama mtu asiyehusika.
Alfajiri anaondoka na kipande mfukoni,
anaziba, analima, anaziba,
na jioni tukimuuliza trekta liko vipi,
“Zima kabisa.”

Fundi Nyangweso alilichomelea kwa shaba,
lakini kwanza alilijaza maji,
maana tangi lililoonja mafuta, alisema, halisahau.
Tukatoa hewa kwenye pampu.
Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili likatukana.
Mara ya tatu moshi mweusi ukapanda
na Ochola akapiga kelele, akasahau viatu.
Siku hizi silali kabla sijalijaza.

Jioni ile mikono yangu ilikuwa myeusi hadi viwiko.
Hapakuwa na sabuni nyumbani.
Palikuwa na ile.
Nikaishika muda mrefu kwenye beseni, maji yakapoa.
Kisha nikanawa.
Dole liliondoka kwanza.
Povu likaja baadaye, jeupe,
jingi kuliko nilivyotarajia.