Ubao wa Elfu Arobaini na Nane

Nianze na bei, maana ndiyo mliyoiuliza
kabla ya salamu, kabla hata ya kuvua viatu:
ubao wa keram, elfu arobaini na nane.
Straika, elfu sita, gramu kumi na tano kamili,
imekuja ndani ya kisanduku cha mahameli
kama pete ya posa.
Poda, kopo moja, elfu mbili. Ndiyo. Poda.
Ushuru wa Kilindini siutaji;
Maimuna yuko jikoni na mlango u wazi.

Ubao wetu wa Kuze mnaujua.
Miaka kumi na tisa juu ya ndoo ya rangi,
upande wa Famau umebonyea
tangu mvua ya Mei ilipoukuta nje,
na kete yoyote ipitayo pale hupinda
ikaelekea shimo la kushoto kama mbuzi ajuaye kwao.
Tuliujua ubonyeo ule kama ulimi ujuavyo pengo.
Tulinyunyiza poda ya mtoto; ikiisha, unga wa sembe,
siafu wakatuombea dua.
Na nikimkosa malkia, nilikuwa na la kusema:
"Ubao huu!"
Na baraza zima likaitikia: "Ubao huu, wallahi."

Miezi kumi na minne nimeweka pesa.
Usiku, nyumba imelala, natazama picha kwenye simu,
nalinganisha unene: milimita nane, kumi na mbili, kumi na sita,
mimi, muuza vipuri vya friji Mwembe Tayari,
nikinena habari za mbao
kama seremala wa sultani.
Nilijua kila kitu cha ubao ule
ila kuucheza.

Ukaja. Nikauweka sebuleni, juu yake pimamaji.
Kiputo kikasimama katikati, hakitikisiki.
Nikapiga. Straika ikateleza
kama neno lililotoka kabla ya kufikiriwa.
Kete ikaenda pale pale nilipoituma.
Ndipo nikapaona nilipokuwa nikizituma
miaka yote hii.
Malkia nimemkosa mara tatu.
Nikafungua mdomo: "Ubao..."
nikaufunga. Nani angeitikia?

Famau alikuja mara moja. Akatafuta pa kuweka kikombe,
hakupata, akakishika mkononi hadi kahawa ikapoa.
Kesho yake nikakuta karatasi chini ya mlango:

*Ubao wa kifahari, kidole ni kile kile,*
*umeleta kwa safari, kutoka bandari ile,*
*kete zakupa habari, shimo li pale na pale,*
*bei haifunzi chanda, sogea hapa tucheze.*

Nikacheka, nikaumia, nikaikunja mfukoni.

Sasa nyinyi mwataka neno moja: yafaa au haifai?
Twaha ana lenzi moyoni, namwona anavyonitazama.
Mwenzangu, mimi sijui.
Ubao wa bei haukunipa mkono mwingine.
Umeninyang'anya kisingizio tu,
na kisingizio, mtu akikizoea, ni kama mto wa kulalia.
Kuna siku naona nimeibiwa.
Kuna siku, alfajiri, kabla ya kufungua duka,
napiga kete moja, moja tu, kwa ukingo,
ikarudi, ikatumbukia bila kugusa,
na sauti yake, tok,
siwezi kuiwekea bei kwenye daftari.

Lakini kuna jambo sikuliagiza, likaja humo humo sandukuni.
Baraza la Kuze halikuwa na nafasi ya Maimuna.
Juzi usiku alifuta mikono kwa kanga, akaketi mbele yangu,
akaipima straika kiganjani kama anayenunua dhahabu.
"Nimelelewa na kaka watano," akasema,
akazitia kete nne mfululizo.
Miaka kumi na moja ya ndoa. Sikujua.

Tangu hapo tunacheza kila usiku. Ananifunga.
Jana nilimfikia malkia, amekaa mdomoni mwa shimo,
hata mtoto angemtia.
Nikavuta pumzi. Nikainamisha chanda.
"Na ushuru," akauliza polepole, "ulikuwa ngapi vile?"

Nikakosa.