Masweta Yasiyo na Mikono

Nilikuwa nimelipa. Hilo ndilo nililoling'ang'ania
kama bomba la kiti basi linapokata kona:
elfu kumi na tano, kwa simu, Jumanne,
na ujumbe ninao, tazama, jina langu na tarehe.
Kijana wa mapokezi akausoma mara mbili
kwa heshima, kama anayesoma tangazo la msiba,
kisha akasema, "Dada, ni kweli.
Ila wanunuzi wa parachichi wamekuja na malori matatu,
na bosi kasema."
Bosi kasema nini, hakumalizia.
Nyuma ya pazia mtu alikuwa anaoga maji yangu ya moto
huku anapiga mluzi.

Njombe, saa nne kasoro, mwezi wa saba.
Baridi ya huku haibishi hodi,
unaikuta ndani ya kiatu imeshatandika.
Gesti ya pili, imejaa. Ya tatu, imejaa.
Ya nne taa zimezimwa, mapokezi ni mbwa.
Mkobani elfu tisa, nusu mkate wa Makambako,
na daftari ninamoandika kila shilingi tangu Iringa:
chai mia tano, choo mia tatu,
na ile safu ya malazi niliyoijaza mapema,
kwa wino, kwa majivuno.

Asafiriye peke yake hana wa kumlaumu.
Hilo walisahau kuniambia
walioniambia mengine yote.
Unageuka useme, "Si nilikwambia?"
unakuta ni wewe na mvuke wa mdomo wako.

Nyuma ya soko taa moja bado inawaka.
Krr-shaa. Krr-shaa. Mashine ya kufuma.
Mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi mwekundu.
"Kamwene," akasema bila kuinua macho.
Nikajibu vibaya. Akacheka.
Eselina Mlowe; ana oda ya shule,
masweta mia na ishirini, kijani,
ya kukabidhi Ijumaa, na mikono yote bado.
Hakuniuliza natoka wapi wala nimekosa nini.
Aliuliza, "Unajua kukunja uzi?"

Nikakunja. Alinipa kigoda
na tonge la uzi lililovurugika kama kesi ya shamba,
nikatafuta ncha mpaka vidole vikapata moto.
Mara mbili nilikata pale pa kufungua.
Aliona. Akanyamaza.

Saa sita mama akapiga kutoka Morogoro.
"Umefika? Gesti nzuri?"
"Nzuri, mama."
"Maji ya moto?"
Nikaitazama chupa ya chai mezani. "Yapo."
"Mlango unafungwa?"
Hapo Eselina, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasimama,
akaburuta cherehani mbovu hadi mlangoni,
akaiegemeza.
"Unafungwa," nikasema,
na huo haukuwa uongo.

Nililala juu ya watoto mia na ishirini
wa madarasa nisiyoyajua,
vifua vitupu vinavyonuka sufu na mafuta ya mashine.
Moja nililivaa; mikono yangu ikabaki nje
kama ya kuku aliyenyonyolewa nusu akaachwa.
Krr-shaa. Krr-shaa.
Sijui alilala saa ngapi. Sijui kama alilala.

Asubuhi, sakitu juu ya majani ya viazi,
mji mzima kama umemwagiwa chumvi.
Nikampa elfu tatu.
Akachukua moja, mbili akanirudishia.
"Hii," akasema, "ya ule uzi uliokata."

Nikiwa kwenye gari la Songea, dirishani,
yule kijana akapiga: "Dada, chumba sasa kipo."
"Na hela yangu?"
Mtandao ukakatika, au aliukata.
Nikafungua daftari. Safu ya malazi sikuigusa.
Chini yake nikaandika:
uzi, elfu moja.