Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Sheria ya kwetu yataka jengo lionekane kabla halijajengwa.
Basi mwezi wa tisa walikuja vijana wawili na lori,
wakasimika milingoti kumi na miwili
penye nyasi kati ya kanisa na duka la jibini,
na kwenye ncha ya kila mlingoti wakafunga waya
uliokunjwa kuonyesha pembe: paa litafika hapa.
Kisha wakaenda zao.
Kijiji cha Valdarsa kikabaki na ofisi mpya ya hewa.

Mimi ni Seraina, mwandishi wa vikao.
Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa, na nani, na saa ngapi.
Haya sikuyaandika.

Kwamba Gieri Camenisch alitoa kiti cha jikoni
akakiweka uani, kila siku saa nane mchana,
kupima jua atakaloibiwa.
Kivuli cha mlingoti hakitoshi kufunika kidole,
lakini alikaa pale na skafu yake hadi masikioni,
akitetemeka kwa kivuli kijacho.

Kwamba bibi Mengia aliizunguka hewa ile mara tatu
akauliza mlango uko wapi, na ngazi ni ngapi.
Ofisi tuliyo nayo ina ngazi kumi na saba.
"Kodi ya mbwa nalipa mimi," alisema,
"lakini anayeweza kupanda ni mbwa. Basi mpeni yeye fomu."

Usiku wa kikao, ukumbi wa mazoezi wa shule
ulinuka raba na makoti mabichi.
Msanifu, Leander Wyss, alitoka mjini
na jengo lake la vibao mikononi, kama mtu aliyebeba keki.
Mlangoni pa jengo vijitu vya karatasi,
vyembamba vyote, hakuna hata kimoja chenye mkongojo.
Alisema "uwazi". Alisema "mazungumzo na mlima".
Nikaandika: mazungumzo na mlima.

Sauti ya nyuma: jokofu.
Nyingine: sanduku la viatu,
na miguu yenyewe si ya hapa.
Placi Derungs, mwenye ng'ombe arobaini, akasimama na hesabu:
tu watu mia tatu na kumi na mmoja,
vyumba kumi na tisa vya nini?
"Zizi langu ni dogo kuliko hilo,
na ng'ombe wangu hawajalalamika."

Ndipo Flurina, aliyefundisha humo humo
mpaka tulipoifunga shule mwaka juzi,
akasema bila kusimama:
"Nguo ya mtoto hununuliwa kubwa, akue nayo.
Tukijenga padogo, tumeshakubali."
Na Placi, bila ubaya wowote, akauliza:
"Mtoto yupi?"

Hapo daftari langu lina mstari mtupu.
Bomba la joto liligonga ukutani.
Leander alikisimamisha kijitu kimoja kilichoanguka.

Kura: ipunguzwe ghorofa moja. Mikono juu.
Nilihesabu mara mbili, safu kwa safu, kwa ncha ya kalamu.
Wanaokubali, sabini na wanne. Wanaokataa, sabini na watatu.
Ghorofa ikaanguka, pasi na kishindo, pasi na vumbi.
Ndipo nikaona mkono wangu wa kulia umeshika kalamu,
wa kushoto umeshika daftari,
na mimi pia nalipa kodi hapa.

Juma lililofuata vijana wa lori walirudi
wakashusha nyaya, mita tatu kasoro kidogo.
Gieri akarudisha kiti jikoni. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Katika ramani ya kwanza meza yangu ilikuwa juu,
dirisha la mashariki.
Nikienda kununua jibini, macho hupanda yenyewe:
kunguru wa mlimani anapita katikati ya kabati langu,
theluji inaingia bila kubisha hodi,
na mimi, kabla ya kukatiza nyasi zile,
hupangusa viatu.