Ganda Nene

Chumba cha Aminieli kiko nyuma ya mashine ya kusaga, Bondeni,
na kila anachochora kinanyeshewa unga.
Twiga, mbuga, mlima wenye theluji ya rangi ya bei nafuu,
vyote vinaota mvi kabla havijakauka.
Mimi namfulia. Jumanne na Ijumaa:
mashati mawili, suruali moja, na vitambaa vya kufutia brashi
ambavyo havitakati hata uvipike.

Ukutani, juu ya jiko la mafuta ya taa,
kuna picha aliyoichana kwenye kalenda ya usharika, ya miaka hiyo:
mwanamke wa Ulaya ya kale, kilemba cheupe, aproni ya buluu,
dirisha kushoto kwake, kisu mkononi,
anamenya kitu ambacho si kiazi na si muhogo.
Aminieli akiitazama hupunguza sauti kama yuko kwa mgonjwa.
"Ona nuru, Mama Ndelilio. Ona inavyokaa begani."

Mimi nikaona ganda.
Nene! Nusu ya chakula inaondoka nalo.
Nikamwambia, ama nyumba ile ina shibe ya kutupa,
ama huyu hamenyi. Amekalishwa.
Kisu amepewa ashike.
Na sufuria ya shaba ilivyong'aa:
sufuria inayopikiwa haina uso wa kujitazamia.
Na kama yuko hapa tangu asubuhi, bega kwenye nuru,
kwake nani kawasha moto?

Aminieli akacheka mpaka akakohoa unga.
Halafu hakucheka.
Ijumaa yake akaniambia, basi kaa wewe.

Sikukaa mikono mitupu, sikulelewa hivyo.
Nilikwenda na chane mbili za mshare kutoka Kiboriloni,
beseni la maji, na kisu changu
chenye mpini wa kamba ya mpira.
Akanigeuza uso. Akanivua kitambaa cha kichwani; nikakirudisha.
Akasogeza kigoda mpaka jua la saa nne, lile la tundu la bati,
likanigusa pale alipotaka.
"Usitikisike."
Ndizi zitageuka nyeusi, nikasema.
"Dakika tano."
Dakika tano za fundi! Mashine ilisaga madebe mawili,
umeme ukakatika, ukarudi, ikasaga la tatu.
Yeye alichora mwanamke aliyetulia.
Mimi nilimenya,
ganda jembamba kadiri ndizi inavyoruhusu.

Alipomaliza nikasogea kuona.
Ni mimi, sikatai. Shavu langu, mkunjo wa shingo,
hata kovu la pasi.
Lakini vidole, safi kama vya bibi harusi.
Utomvu uko wapi, Aminieli?
"Wageni hawatajua ni nini. Watadhani ni uchafu."
Ni uchafu, nikamwambia. Ndio wenyewe.

Nikanyoosha mkono kumwonyesha mahali,
na mimi nina mazoea ya kujifuta
kwenye kitambaa chochote kilicho karibu.
Chini, pembeni, kulia. Vidole viwili.
Alifuta kwa mafuta ya taa, kwa sabuni, kwa mate.
Mfuaji ni mimi, nilijua kabla yake:
utomvu wa ndizi leo ni maji, kesho ni chai,
keshokutwa ni kahawia mpaka nguo izikwe.

Mgeni mmoja aliyeteremka mlimani midomo imebabuka
aliinunua hivyohivyo, akaiviringisha kama mkeka.
Sijui iko nchi gani. Labda kuna ukuta,
labda kuna dirisha kushoto.
Aminieli alinipa elfu ishirini, kumi akazibakiza
hadi mwisho wa mwezi, mwezi ambao haukusema ni upi.

Siku ile niliyokaa, mtori ulipakuliwa saa kumi,
mweusi kidogo, na Ndelilio alikuwa amelala njaa sakafuni
ameegemea mlango.
Akaamka, akaonja, akaniuliza nilikuwa wapi
na kwa nini nywele zangu zina unga.
Nikamwambia, nilikuwa nimekaa.