Chumvi ya Saginaw

Bi Wanda, tangu saa mbili asubuhi nimelala chini ya gari lako,
mgongo juu ya ubao wa magurudumu, tochi mdomoni,
na nitakwambia nilichokiona, kama ninavyowaambia wote
wanaoniletea gari Februari wakitaka nilisifie.

Ni kubwa. Tuanzie hapo.
Pua ilipogusa benchi la vifaa mkia ulikuwa bado nje kwenye theluji,
ikabidi nihamishe pipa la taka.
Kiti cha mbele ni kochi lisilokatwa katikati:
dereva, abiria, na baina yao mtoto
aliyekabidhiwa redio.
Nyuma nimenyoosha miguu, mimi wa futi sita na ushee,
goti halikugusa kitu.
Buti nimeipima kwa kipimo changu:
matairi manne, jeki, sanduku la ndoano la marehemu,
na bado mbwa angepata pa kulala.

Injini haina maneno mengi.
Jana usiku baridi iligandisha hata mate;
leo nimegeuza ufunguo mara moja,
ikakohoa, ikaomba radhi, ikanguruma chini chini
kama mtu anayesali peke yake.
Maili laki moja na elfu sitini na mbili,
na kila badiliko la oili Stan aliliandika kwa penseli,
tarehe, bei, na hali ya hewa.

Sasa upande wa pili.
Linakunywa. Sisemi linaonja: linakunywa,
na pampu haina huruma kwa wajane.
Konani hulala ubavu, taratibu,
na vilivyo kwenye dashibodi huhamia kwa abiria.
Ukikanyaga breki, kwanza linafikiri.
Dirisha la kushoto nyuma lilishuka kiangazi fulani
likakataa kupanda; ile plastiki na gundi ni kazi ya nani, siulizi.

Halafu kutu.
Mtu akizeeka tunasema amekula chumvi nyingi, na ni heshima.
Hili limeila kweli, chumvi ya manispaa,
ile malori yanayoimwaga usiku ili sisi tusiteleze,
majira ishirini na mawili ya baridi.
Nimegusa kizingiti cha mlango kwa bisibisi,
ikazama kama kisu kwenye keki.
Kikulacho, Bi Wanda, ki chini ya zulia.

Kitambaa cha dari nacho kimeachana na dari.
Nimehesabu pini arobaini na moja, vichwa vya rangi rangi,
naona zimetoka kwenye kikapu chako cha kushonea.
Mumeo alizichomeka apendavyo,
nyota za mtu asiyejua nyota.
Sikuzigusa.

Unataka Kelsey aende nalo chuoni, Marquette.
Hapana.
Kanisani na sokoni, litakupa miaka miwili, labda.
Lakini lile daraja, na upepo wake, na msichana wa miaka kumi na tisa
juu ya sakafu ninayoweza kuona lami kupitia kwake?
Andika jina langu. Mwambie Verlin kakataa.

Jambo jingine. Nilipong'oa kiti cha nyuma
nilikuta njugu, senti, kadi ya pointi za bolingi,
na hiki. Kidogo kama korosho. Betri imekufa.
Stan alisimama hapo ulipo, akicheka, akipaza sauti,
akaniambia umekifua pamoja na shati lake
na kwamba hujakubali mpaka leo.
Basi. Hukukifua.

Bei? Dola mia saba. Mia mbili kati yake ni za kochi.
Ukaguzi sikutozi.
Usisimame kwenye baridi, ingia mbele ukae,
nimeliacha linaunguruma.
Hita yake, nilisahau kuiandika,
hita yake haina kasoro.