Kuni Mbichi

Kuni kavu zikigonganishwa hulia: ko!
Kuni mbichi hunung'unika: du,
kama mtu anayeitika angali usingizini.
Hilo nilifundishwa na baba kabla sijajua kusoma,
nikalisahau kwa makusudi
vipupwe kumi na kimoja mfululizo.

Nauza kuni Coyhaique, kusini ya mbali ya Chile,
mji ulioketi ndani ya bakuli la milima.
Mwezi wa Julai upepo hufa.
Baridi hutufunika kama kawa,
na moshi wa dohani zetu hupanda kidogo,
hugota, hurudi chini
kuwatafuta wenyewe.

Mti wetu unaitwa lenga.
Nao hulenga.

Mzee Custodio Nahuelquín alikuwa mkata manyoya ya kondoo.
Zamani aliwavua kondoo mia makoti yao
kabla jua halijatua.
Miaka sabini na minane, bado alinisaidia kushusha mzigo.
Halafu mwaka mmoja akawa anashusha ukuni, anasimama.
Ukuni, anasimama.
"Uzee," alisema, kiganja kifuani,
kana kwamba anazuia mlango usisukumwe kutoka ndani.

Muuguzi Yasna hakuridhika na neno uzee.
Tunadhani moshi huishia kwenye kikohozi, alisema.
Kuna chembe zake zisizokoholeka:
hupita mapafuni bila hodi,
huingia damuni, huchoma kuta za mishipa,
huubana mrija ambao miaka imekwisha kuubana.
Na moyo, kibarua asiye na Jumapili,
husukuma, husukuma,
hupotewa na hesabu.

Siku mbaya redio hutangaza: marufuku kuwasha jiko.
Nje ni nyuzi tisa chini ya sifuri.
Orfelina, mkewe, husikiliza tangazo hadi mwisho,
huzima redio,
huwasha jiko.
"Nichague nini," aliniuliza, "kuganda au kusongwa?"
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu noti zake.

Agosti, alfajiri, mzee aliamka kuchochea moto.
Alikutwa amepiga goti mbele ya jiko,
ukuni mkononi.
Niliutambua kwa meno ya msumeno wangu.
Wenzangu walipokwenda kubeba jeneza
niliuokota, nikaugonga kwa mwenziwe.
Du.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kilikuwa mfukoni:
mti unaoangushwa leo na kuuzwa leo
haudai banda, haudai kungoja.

Hati ya kifo haikuandika jina langu. Iliandika moyo.
Nami siwezi kuapa kwamba ni mimi;
mji mzima unapumua bakuli moja.
Lakini hata chungu cha wote kikizidi chumvi,
kila aliyetia anaujua mkono wake.

Sasa ninalo banda, bati juu, ubavu wazi.
Kuni za mwaka huu nitaziuza mwakani.
Binti yangu anavaa viatu vya mwaka juzi, na ananuna.

Machi nilimpelekea Orfelina mzigo.
Alitoka na shali, hakusalimu,
akachukua vipande viwili, akavigonga karibu na sikio,
ameinamisha kichwa
kama Yasna alipokisikiliza kifua cha mumewe.
Ko.
Akagonga tena.
Akalipa, akahesabu chenji mara mbili, akafunga mlango.
Hakuniambia karibu.

Nilibaki barabarani nikitazama dohani.
Moshi ulitoka mwembamba, karibu usionekane.
Karibu tu.